Kichwa cha Ukurasa wa Wavuti: Mfano wa Mabanga

Kuna Mabanga ya Bungoma nchini Kenya, penye kituo cha mafunzo ya wakulima, na kuna Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, mitaa ya mji wa Goma nchini Kongo. Mtambo wa utafutaji kama Google hukisia Mabanga inayokusudiwa kwa dalili kadhaa, mojawapo ikiwa kichwa kilichoandikwa katika msimbo wa ukurasa, ambacho aghalabu ndicho msomaji hukiona katika orodha ya matokeo. Ukurasa ulioitwa "Karibu" au "Mwanzo" (na kurasa hizi ni tele) haumsaidii mkulima kuufikia, hata ukiwa na mafunzo mema.

Linganisha na hiki: "Ufugaji wa Kuku wa Kienyeji: Mafunzo Mabanga, Bungoma". Mada imetangulia, kwani vichwa virefu hukatwa; kwa kawaida huonekana herufi 60 hivi.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika kuliko fundi wa kompyuta. Je, mkulima ataandika "kufuga kuku" au "ufugaji wa kuku"? "Ugonjwa" au "magonjwa"? Ngeli na unyambuaji hubadili umbo la neno, na mtambo huenda usiyahusishe maumbo hayo ipasavyo. Kuyarundika yote kichwani hakufai. Google yenyewe hulikataza jambo hilo. Umbo lililozoeleka zaidi likae kichwani, jingine liingie katika aya ya kwanza. Aidha, mwaka 2021 Google ilianza kutumia zaidi kichwa kikuu kinachoonekana ukurasani pale kile cha msimbo kisipoiridhisha. Viwili hivyo visipingane.