Mashine Ikiyumba, Usikimbilie Kumlaumu Fundi

Mwanatakwimu wa Marekani W. Edwards Deming alikuwa na mchezo wake kwenye semina. Boksi lina shanga 4,000: nyeupe 3,200, nyekundu 800. Watu sita wanajitolea kuwa wafanyakazi, na kila mmoja anachota kwa kibao chenye vishimo 50. Nyekundu ndiyo bidhaa mbovu. Aliyetoka na 6 anamwagiwa sifa, aliyetoka na 15 anakaripiwa mbele ya wenzake, na baadaye wanaofanya vibaya wanafukuzwa.

Piga hesabu. Shanga moja kati ya tano ni nyekundu, kwa hiyo wastani utakuwa takribani 10 kwa kibao. Bahati pekee inaweza kuishusha idadi hadi 2 au kuipandisha hadi 18. Sifa zile na makaripio yale vilikuwa vya bure.

Mipaka hiyo tunaipata kwa njia ya Walter Shewhart, aliyechora chati yake ya kwanza Mei 1924 akiwa Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu. Mstari wa kati ni wastani. Juu na chini yake kuna mistari miwili, kila mmoja umbali wa mikengeuko sanifu mitatu, yaani mara tatu ya kipimo cha mtawanyiko wa kawaida. Vipimo vinawekwa nukta baada ya nukta, kadiri kazi inavyokwenda. Nukta ikitoka nje, tafuta sababu: kisu butu, malighafi mpya, fundi mgeni. Hata nukta nane mfululizo upande mmoja wa wastani zinatosha kukushtua.

Wengi hukosea hapa: mipaka hiyo inatokana na vipimo vya mashine yenyewe. Matakwa ya mteja, au ya bosi, ni habari nyingine.

Sasa chukua mashine ya kupaki sukari ya kilo moja, iliyotulia. Pakiti ikizidi gramu 4, fundi anaipunguza mashine gramu 4. Inayofuata ikipungua 3, anaongeza 3. Ni bidii, lakini ya hasara! Kila marekebisho yanabeba bahati ya pakiti iliyopita na kuiongezea bahati ya pakiti mpya, hivyo mkengeuko sanifu unapanda kwa takribani asilimia 41. Angeiacha mashine ilivyo, pakiti zingefanana zaidi.

Basi, msimamizi, kabla hujamwita fundi ofisini kwa pakiti moja nyepesi, omba kwanza chati ya wiki nzima.