Dhana ya Utambulisho: Kati ya Kubaki Yuleyule na Kutambuliwa

Tafiti nyingi za fasihi na utamaduni hulitumia neno utambulisho kana kwamba lina maana moja. Ndani yake mna maswali mawili, na kuyachanganya huharibu uchambuzi.

La kwanza ni swali la kubaki yuleyule. John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye toleo la pili la insha yake kuhusu ufahamu wa binadamu, aliuliza ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe ndiye yule wa jana. Jibu lake lilikuwa fahamu, wala si mwili au roho. La pili ni swali la kutambuliwa. Kwa mujibu wa Hegel (1807), nafsi hujijua kupitia nafsi nyingine inayoikubali. Fanon (1952) alionesha jinsi uhusiano huo unavyopotoka chini ya ukoloni: Mweusi hukuta sura yake imekwisha kuchorwa na jicho la Mweupe.

Istilahi za Ulaya zimetokana na neno la Kilatini lenye maana ya 'kilekile'. Istilahi yetu imenyambuliwa kutokana na kitenzi tambulisha, yaani kumfanya mtu atambuliwe; kwa hiyo daima yupo anayetambua. Tofauti hii haiishii kwenye mofolojia.

Tuchukue mfano wa Mombasa. Chini ya utawala wa Waingereza, kuhesabiwa Mwarabu au "mwenyeji" kuliathiri kodi na haki za kisiasa. Kwa miaka mingi watu wa Thenashara Taifa, muungano wa jamii kumi na mbili za Waswahili wa mji huo, walidai wasiwekwe katika kundi la wenyeji. Mtafiti anayeuliza iwapo walikuwa Waarabu "wa kweli" amekosea swali, kwa kuwa dai lao lilielekezwa kwa dola iliyobuni makundi hayo na kuyawekea malipo. Kuwaita watu waliojikana, kama inavyosemwa wakati mwingine, ni kuisamehe dola hiyo.

Hata hivyo, swali la kwanza halijafutika. Waliodai walidai kwa jina la jamii iliyokuwapo kabla ya Mwingereza. Ni nini basi kinachoifanya jamii ya leo iwe ndiyo ile ya jana? Locke, aliyemzungumzia mtu mmoja mmoja, hatusaidii. Stuart Hall (1990) anasaidia zaidi: kwake, utambulisho wa kiutamaduni una historia, lakini historia hiyo hutufikia kwa njia ya kumbukumbu na masimulizi, na kila msimulizi husimama mahali fulani anaposimulia.