Kikohozi cha Mwenzetu ni Chetu Sote



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaandika juu ya mishahara, saa za kazi na bei ya kilo ya majani ya chai. Leo tunaandika juu ya kifua, homa na damu. Msidhani tumeacha mambo ya chama. Mfanyakazi hana duka wala shamba kubwa. Mtaji wake ni mwili wake. Mwili ukianguka, mkataba mzuri na mshahara mzuri vitamfaa nani?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba mjumbe wa chama anawafundisha wengine tu.

KOSA LA MJUMBE

Mwaka 2013 alinijia mchumaji mmoja wa chai, kijana wa miaka thelathini hivi, kutoka milima iliyo juu ya Gisenyi. Alikuwa amekohoa kwa majuma matano. Usiku alitoka jasho mpaka shuka likalowa. Kazini kilo zake zilikuwa zimepungua, na kapita alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba kikohozi chake ni cha pombe na uvivu. Alikuwa kibarua bila mkataba wa maandishi.

Akaniuliza, "Mzee, niende kupimwa, au ningoje?"

Nilimjibu angoje mwisho wa mwezi. Niliogopa kwamba akikosa siku tatu nne jina lake litafutwa kwenye orodha. Nikampa pesa kidogo anunue dawa ya kikohozi sokoni Mahoko. Nilidhani nimemsaidia kulinda kazi yake.

Baada ya miezi miwili alitema damu katikati ya mistari ya chai. Kituo cha afya kilimpima makohozi, ikaonekana ni kifua kikuu. Alikuwa analala chumba kimoja na wenzake watatu, dirisha limezibwa na gunia kwa sababu ya baridi. Wenzake walipopimwa, wawili nao walikuwa wameambukizwa na wanaumwa. Kazi yenyewe niliyotaka kuilinda aliipoteza. Tulipeleka shauri kwa mwajiri tukashindwa, maana hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: na anayemshauri mwenzake afiche, ana sehemu yake katika lawama.

HOMA MOJA, MAGONJWA MENGI

Kwa nini ugonjwa wa mwenzetu ulichelewa kujulikana? Si kwa sababu yangu peke yangu. Kabla ya kuja kwangu alikuwa amemeza dawa ya malaria bila kupimwa, akapata nafuu siku mbili. Kisha akanunua vidonge vya antibiotiki dukani, nusu ya dozi, kwa kuwa pesa hazikutosha. Akapata nafuu tena kidogo. Kila nafuu ilimdanganya.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Mwili hauna namna nyingi za kulalamika. Malaria huleta homa, kichwa, maumivu ya viungo na kutapika. Homa ya matumbo huanza hivyo hivyo. Hata magonjwa ya kutisha kama Ebola na Marburg, siku za mwanzo hayana alama usoni. Na mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja: damu yake ikaonyesha malaria kweli, na bado malaria isiwe ndiyo inayomuua.

Kwa hiyo mganga mwenye busara huuliza maswali mengi kabla ya kuandika dawa. Homa ilianza lini? Umesafiri wapi? Unafanya kazi gani? Nani nyumbani anaumwa? Umemeza dawa gani? Mfanyakazi anayeficha kwamba alivuka mpaka, au kwamba alimeza vidonge vya dukani, anamfunga mganga kitambaa machoni.

YALIYOTOKEA MLANGONI PETU

Sisi wa Gisenyi hatuhitaji kusimuliwa habari hizi kutoka mbali. Goma iko ng'ambo ya mpaka, na kila siku maelfu ya watu huvuka kwa miguu, wakibeba nyanya, samaki, maziwa na nguo.

Mwezi Julai 1994 wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache. Ardhi ya lava haichimbiki kirahisi, vyoo havikuwapo, na watu walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Kipindupindu kikazuka, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa. Maabara ilionyesha kwamba vijidudu vile vilikuwa havisikii tena baadhi ya dawa zilizotegemewa. Lakini kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na maji yakirudishwa upesi mgonjwa hupona. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, humshikilia mgonjwa akiwa njiani kupelekwa kwa mganga. Wengi walikufa kwa kukosa maji safi na mtu wa kuwanywesha kwa wakati.

Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma. Wengi wetu tunakumbuka ndoo za maji ya klorini na vipimo vya joto kwenye mpaka. Ugonjwa ule wa mashariki ya Kongo, tangu 2018 hadi 2020, uliua watu 2,287. Lakini katika msiba huo huo kulipatikana tumaini. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walijaribu dawa huko huko Kongo, na Agosti 2019 wakatangaza kwamba mbili zinafaa. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Kwa waliotibiwa mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu tisa katika kumi walipona. Waliofika wamechelewa walikufa wengi, ingawa dawa ilikuwa ile ile.

Kisha Marburg. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba ugonjwa huo umeingia nchini. Uchunguzi uliufuata mpaka kwenye pango la machimbo wanamoishi popo wanaokula matunda. Tazameni, ndugu: njia ya ugonjwa ilipitia mahali pa kazi. Na wengi walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wa hospitali, yaani wafanyakazi wenzetu waliowahudumia wagonjwa kabla ugonjwa haujajulikana. Waliougua walikuwa 66, waliokufa 15, waliopona 51. Zamani, katika milipuko mingine, Marburg iliua hata zaidi ya wanane katika kumi. Safari hii wagonjwa walipimwa upesi, wakalazwa, wakapewa maji, hewa na dawa za majaribio, na waliokutana nao wakafuatiliwa mmoja mmoja. Tarehe 20 Desemba 2024 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha.

Katika mambo haya yote matatu somo ni moja: siku za mwanzo ndizo zinazoamua.

MAKOHOZI HAYASEMI UONGO

Turudi kwenye kifua kikuu, kwa sababu ndicho kinachotembea nasi kila siku bila kutangazwa redioni. Kijidudu chake kilijulikana tangu tarehe 24 Machi 1882, siku Robert Koch alipokitangaza Berlin. Husafiri kwa hewa, mtu anapokohoa, kuimba au kupiga kelele katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Duniani limesema mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka. Hesabuni wenyewe: chumba cha kulala vibarua, gari la kubeba wachumaji, chumba cha kukaushia chai chenye vumbi.

Kipimo cha zamani ni darubini. Mpimaji hupaka makohozi kwenye kioo, hutia rangi, kisha hutafuta. Ni kipimo kizuri, lakini kina mpaka: makohozi yawe na vijidudu kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo vionekane. Mgonjwa mwenye vijidudu vichache, na hasa mwenye virusi vya Ukimwi, anaweza kuambiwa hana kitu kumbe anacho. Njia ya kuviotesha vijidudu maabara ni ya uhakika zaidi, lakini huchukua majuma.

Tangu Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani limekubali mashine iitwayo GeneXpert. Yenyewe hutafuta alama za kijidudu ndani ya makohozi, na kwa muda wa saa mbili hivi husema mambo mawili: kifua kikuu kipo au hakipo, na kama kipo, je, kinasikia dawa ya rifampisini au la. Kwa hiyo ukipimwa kwa darubini ukaambiwa huna kitu, na kikohozi kinaendelea, usikate tamaa wala usikasirike. Rudi. Uliza kwa adabu kama makohozi yako yanaweza kupelekwa kwenye mashine. Na toa makohozi ya kweli kutoka ndani ya kifua, si mate ya mdomoni.

DAWA ILIYOACHWA NJIANI

Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi sita, na hapa Rwanda mgonjwa hazilipii. Muda huo wa miezi sita una historia inayotuhusu. Kabla ya miaka ya 1970 matibabu yalikuwa ya mwaka mmoja na zaidi. Majaribio yaliyoanza 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndiyo yaliyoonyesha kwamba rifampisini ikichanganywa na dawa nyingine, miezi sita inatosha. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania pamoja na Daktari Karel Styblo ilijenga utaratibu wa kumfuatilia kila mgonjwa mpaka dozi imalizike, na dunia ikauiga. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walitoa miili yao ili dunia ijifunze. Sisi tunaoacha vidonge njiani tunawavunjia heshima.

Yule mwenzetu aliacha. Baada ya miezi miwili alipata nguvu, kikohozi kikakoma, uzito ukarudi. Hakuwa na kazi tena, watoto walikuwa na njaa. Akavuka kwenda Goma kubeba mizigo, vidonge vikabaki nyumbani. Aliporudi akiwa hoi, mashine ilisema rifampisini haimfai tena. Kifua kikuu kilikuwa kimekuwa sugu.

Usugu si uchawi. Vijidudu vichache vikali hubaki wakati vile dhaifu vimekufa. Ukiacha dawa mapema, hao wakali ndio wanaozaa. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba hata vimelea vya malaria vyenye alama ya kuizoea dawa ya artemisini vimepatikana Rwanda. Dawa tunazozitumia ovyo leo, watoto wetu hawatazikuta.

Mwenzetu alilazwa, akatibiwa miezi mingi kwa vidonge na sindano za kila siku. Alipona. Lakini sindano za wakati ule zilikuwa na madhara kwa masikio, na yake hayakurudi kama zamani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge tupu, ya miezi sita, kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu. Yeye yalimpita. Nikikutana naye sokoni hunisalimu kwa mikono miwili, nami humjibu kwa sauti ya juu ili anisikie. Hajawahi kunilaumu. Ni mimi ninayekumbuka.

TUNADAI NINI

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inatambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari, na inamtaka mwajiri alinde afya na usalama kazini. Kwa hiyo chama hakiombi sadaka. Katika kila mazungumzo na waajiri wajumbe wetu waweke mezani mambo haya:

1. Anayekohoa majuma mawili au zaidi apewe ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa siku.

2. Anayetibiwa kifua kikuu asifutwe kazi. Akianza dawa zinazomfaa, baada ya muda si mrefu haambukizi tena. Arudi daktari akiruhusu, kwanza kwenye kazi nyepesi.

3. Vyumba vya kulala viwe na madirisha yanayofunguka, na maji safi yawepo shambani na kiwandani.

4. Kibarua apewe mkataba wa maandishi. Pasipo karatasi hakuna shauri.

5. Ugonjwa wa mfanyakazi ni siri yake na mganga. Kapita hana haki ya kuutangaza kwenye mistari.

WAJIBU WETU

Nasi tusidai bila kutimiza. Lipa mituweli kwa wakati. Usinunue antibiotiki dukani kwa kukisia. Homa ikikushika, mwone mshauri wa afya wa kijiji chako au nenda kituo cha afya siku ile ile, ueleze ukweli wote. Dozi imalize hata ukijiona mzima. Mwenzako akiwa kwenye matibabu, usimkimbie wala usimpe jina la kejeli. Mkumbushe vidonge vyake, na akikosa chakula, kikundi kichange.

Na wewe mjumbe wa tawi, siku atakapokujia mtu akiuliza, "Niende kupimwa, au ningoje?", usifanye hesabu ya siku zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi kama nilivyofanya mimi. Simama, mshike mkono, mwende naye.

Umoja wetu uanze na pumzi yetu.