Bima ya afya hairudishi hela mfukoni kwako: saini yako ndo hundi



Kuna swali nimeulizwa mara tatu ndani ya mwezi huu, na watu watatu tofauti: "Nikilipa hospitali kwa hela yangu, NHIF watanirudishia lini?" Kila aliyeuliza alikuwa ametunza risiti vizuri kabisa, anasubiri siku ya kuipeleka. Nikaona bora niandike hapa mara moja, maana wengi tuna kadi, au tulikuwa nayo kupitia wazazi, lakini hatujui hela inapita wapi.

Jibu la haraka ni hili: kwa kawaida bima yetu ya serikali haikurudishii wewe. Inailipa hospitali. Na inailipa kwa kile kilichoandikwa kwenye fomu ambayo wewe umeisaini. Sasa twende taratibu.

TULIKOTOKA

Zamani matibabu kwenye hospitali za serikali yalikuwa bure. Kuanzia mwaka 1993 serikali ikaanzisha utaratibu wa kuchangia gharama, ndo yakaja mambo ya kulipia kadi, kipimo na dawa. Mwaka 1999 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, na huduma zikaanza mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Hapa naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana mfuko wao, ZHSF.

Kwa mtumishi, mchango ni asilimia 6 ya mshahara: yeye anakatwa 3, mwajiri anaweka 3. Chukua mtu wa mshahara wa 700,000. Anakatwa 21,000 na mwajiri anaongeza 21,000, jumla 42,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 504,000. Hela hiyo inahudumia mwanachama mwenyewe, mwenza wake na wategemezi wanne, jumla watu sita. Ukigawa, ni 84,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Hiyo 84,000 ikumbuke, tutairudia.

WENZETU WANAOREJESHEWA KWELI

Hili wazo la kurudishiwa halijatoka hewani. Nchi nyingine ndo utaratibu wao. Ufaransa kwa mfano, tangu mwisho wa 2024 kumwona daktari wa kawaida ni euro 30, na mara nyingi mgonjwa anazitoa mwenyewe pale pale. Halafu mfuko wa serikali unahesabu asilimia 70 ya hizo, ambayo ni euro 21, unakata euro 2 za mchango wa mgonjwa, na euro 19 zinaingia kwenye akaunti yake ya benki. Ana kadi inaitwa Carte Vitale, daktari akiichomeka kwenye mashine taarifa zinaenda zenyewe.

Mgonjwa wa kule anajua kila huduma ni bei gani, kwa sababu hela imetoka mfukoni kwake kwanza. Akiandikiwa kipimo ambacho hakufanyiwa, atashtuka saa hiyo hiyo.

Huku kwetu ni tofauti. Unaonyesha kadi, unatibiwa, unaondoka. Ni nafuu kubwa sana, maana wangapi tungekuwa na laki mbili za kutanguliza halafu tukae tunasubiri? Ila ubaya wake ni kwamba hela huioni ikipita. Na kitu usichokiona, hukilindi.

HELA INAVYOTEMBEA, HATUA KWA HATUA

1. Unafika kituo kilichosajiliwa na NHIF. Kama hakijasajiliwa, kadi haina kazi pale. Hapa ndo wale wenye risiti wengi wanapokwama: alikwenda kwenye zahanati ya mtaani ambayo haina mkataba na mfuko, akalipa keshi.

2. Mapokezi wanahakiki kadi yako. Mfumo ukikubali unatoa namba ya idhini ya siku hiyo. Bila namba hiyo hospitali itapata shida kulipwa, kwa hiyo usikasirike wakikuambia subiri mtandao.

3. Daktari anakuona, anaandika ugonjwa, vipimo na dawa. Vitu vya gharama kubwa vinahitaji kibali cha mfuko kwanza. Usikubali kufanyiwa halafu ndo kibali kianze kutafutwa.

4. Kila ulichopewa kinaorodheshwa kwenye fomu: kumwona daktari, kipimo kimoja kimoja, dawa na idadi ya vidonge. Unasaini kwamba umepata hivyo vitu.

5. Hospitali inakusanya fomu za mwezi mzima na kupeleka madai NHIF.

6. NHIF wanakagua. Huyu mwanachama yupo hai kwenye mfumo? Dawa inaendana na ugonjwa? Bei ni ile ya kwenye orodha? Kituo cha ngazi hii kinaruhusiwa kutoa dawa hii? Kilichokosewa kinakatwa, kinachobaki kinalipwa kwenye akaunti ya hospitali.

Umeona? Wewe unaonekana mara moja tu kwenye safari yote ya hela, pale namba 4. Ndo maana nasema saini yako ni hundi. Ukisaini fomu tupu, umetoa hundi ambayo haijaandikwa kiasi.

BEI SIO ZA HOSPITALI

Kitu kingine kinachowachanganya watu: NHIF hailipi bei iliyobandikwa ukutani kwa wagonjwa wa keshi. Ina orodha yake ya huduma na bei, inaitwa kitita cha mafao, na bei zinatofautiana kwa ngazi ya kituo. Nitoe namba za mfano tu: kipimo hospitali inatoza 12,000 kwa mgonjwa wa keshi, kwenye kitita kipo kwa 5,000. Hospitali ikikupima kwa kadi, italipwa 5,000. Hiyo 7,000 iliyobaki hutakiwi kuitoa wewe. Ndo makubaliano ya mkataba wao.

Sasa hapo ndo ugomvi unapozaliwa. Mwaka 2024 kitita kipya kilianza kutumika Machi 1, na vituo binafsi vikalalamika kwamba bei mpya haziwezi kulipia gharama zao. Baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kupokea wagonjwa wa NHIF. Watu walifika na kadi nzuri kabisa, hazijaisha muda, wakaambiwa toa keshi au nenda kwingine. Serikali inasema mfuko lazima uishi. Hospitali zinasema haziwezi kutoa huduma kwa hasara. Mimi nadhani wote wana hoja, lakini mgonjwa aliyesimama dirishani hakuulizwa na yeyote.

"DAWA HII BIMA HAITOI"

Sentensi hii tumeisikia wote. Inaweza kuwa na maana tatu tofauti, na unatakiwa kujua umeambiwa ipi.

Kwanza, dawa haipo kwenye kitita kabisa. Hapo kweli utalipa, au umwombe daktari kama kuna nyingine ya kazi ile ile ambayo ipo. Mara nyingi ipo.

Pili, dawa ipo lakini sio kwa ngazi ya kituo hicho. Orodha ya taifa ya dawa muhimu inapanga dawa kwa herufi: A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S hospitali za kibingwa. Zahanati ikikupa dawa ya herufi S, haitalipwa. Hapo dawa yako ni rufaa, usianze kwa kutoa pochi.

Tatu, dawa ipo kwenye kitita, ipo kwa ngazi hiyo, ila stoo imeisha. Hii ndo inayoumiza watu. Mtu anaambiwa "bima haitoi", anakwenda kununua duka la nje kwa hela yake. Kumbe utaratibu upo: kuna fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lililosajiliwa na mfuko, wengi wanaijua kwa jina la 2C. Iulizie kabla hujaondoka.

Kwa hiyo ukiambiwa haitoi, uliza kwa heshima tu: "Samahani dokta, haipo kwenye kitita, au imeisha hapa?" Swali hilo moja linaweza kukuokolea hela nyingi.

FOMU TUPU

Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza mama mdogo hospitali moja, sitaitaja. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, amekatwa hiyo asilimia 3 tangu mimi niko mdogo. Tumefika tu mapokezi, dada wa pale akamsogezea fomu na kalamu.

"Mama, saini hapa chini."

Mama mdogo akaivaa miwani, akaigeuza ile fomu huku na huku. "Mwanangu, nisaini nini wakati hata daktari sijamwona?"

"Ndo utaratibu wetu mama, wote wanasaini."

"Sawa. Mimi nitasaini nikitoka dirisha la dawa."

Foleni ikaanza kuguna, mzee mmoja nyuma akasema mwalimu anatuchelewesha. Lakini hakusaini. Baada ya kupata dawa aliomba fomu, akasoma mstari kwa mstari. Vipimo viliandikwa vitatu, yeye alipimwa viwili. Akauliza kwa upole. Dada akasema samahani, imechanganywa, akafuta kwa kalamu na mama mdogo akasaini. Dakika tano zimetosha.

Siwezi kusema walikusudia wizi. Inawezekana kweli ilichanganywa. Lakini fikiria wale wote waliosaini asubuhi ile wakiwa bado kwenye foleni. Nani angejua?

Siku hizi vituo vingi vinajaza kwenye kompyuta, na mwanachama anahakikiwa kwa alama ya kidole au sura. Ni hatua nzuri. Ila usidhani mashine imekusomea. Kidole chako kimethibitisha kwamba ulikuwepo. Nini ulipewa, bado anayejua vizuri ni wewe na aliyekuhudumia. Omba uonyeshwe orodha.

HASARA NI YA NANI?

Najua kuna mtu anasema: ya serikali hiyo, inanihusu nini?

Rudi kwenye ile 84,000 ya mtu mmoja kwa mwaka. Mgonjwa mmoja akilazwa siku chache tu anaweza kuila yote, pamoja na ya majirani zake wawili ambao hawakuugua. Hivyo ndivyo bima inavyofanya kazi na wala sio tatizo, ndo maana tunachanga. Tatizo ni pale hela inapolipia kipimo ambacho hakikufanyika, au binamu anapotibiwa kwa kadi isiyo yake. Kuazimisha kadi ni kosa kisheria, halafu pia ni hatari: historia ya ugonjwa wake inaingia kwenye jina lako.

Mfuko ukizidiwa, hawaji kukutangazia kwamba umeibiwa. Unaona tu mabadiliko. Tuliyaona Machi 2023, pale Toto Afya Kadi, ile ya 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, iliposimamishwa kusajili mtoto mmoja mmoja na wazazi wakaelekezwa kwenye usajili wa shuleni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi walikuwa wanaandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa, matumizi yakazidi michango. Mzazi wa mtoto mchanga, ambaye shule bado miaka mingi, ndo akabaki anashangaa.

Na hii itatugusa sote. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima. Sisi vijana tunaojiajiri, wa bodaboda, wa saluni, wa kubeti na kuuza vocha, sio tena habari ya watumishi na wazazi wetu. Tutachangia hela zetu wenyewe, kwa hiyo tujifunze kuzilinda mapema.

KWA UFUPI

- Kabla hujaugua, jua kituo kilichosajiliwa karibu na kwako.
- Usisaini fomu tupu, hata foleni ikiguna.
- Soma kilichoandikwa: vipimo vingapi, dawa gani, vidonge vingapi.
- Ukiambiwa haitoi, uliza kwa sababu ipi kati ya zile tatu.
- Ukitakiwa kuongeza hela juu ya kadi, uliza kama huduma ipo kwenye kitita, na usitoe bila risiti. Ofisi ya NHIF ya mkoa wako ndo mahali pa kuipeleka, maana risiti ni ushahidi wa malalamiko hata kama hela yenyewe haitarudi.
- Kadi yako usiazimishe.

Kuna watu watakuona unajifanya mjuaji. Waache. Mama mdogo waliomwona mchelewesha foleni ndo aliyekuwa anazilinda hela zao.

Kama wewe ni nesi, daktari au mfamasia na unaona nimekosea mahali, au kuna upande wenu ambao sisi wagonjwa hatuuoni, tiririka hapo chini kwenye maoni. Na nyie wenye risiti, tuelezeni mlifikia wapi, ila majina ya watu wekeni pembeni.

Naomba kuwasilisha.