Mnunuzi Ataka Kuijaribu Pikipiki: Mwenyewe Afanyeje?

Mtu auzaye pikipiki yake mwenyewe, bila kupitia dukani wala kwa dalali, hana budi kufika kwenye dakika moja iliyo ngumu kuliko nyingine zote za biashara hiyo. Mnunuzi amekwisha kuizunguka pikipiki mara tatu, ameminya magurudumu, amepiga kiki na injini imeitika, bei imetajwa na kupunguzwa kidogo. Kisha asema, "Sasa, bwana, niruhusu niende nayo hapo njia panda tu, nirudi." Ombi hilo ni la haki kabisa, kwa maana hakuna mwenye akili anunuaye chombo ambacho hajakipanda. Lakini tangu gia ya kwanza iingiapo, mwenye mali husimama kando ya barabara mikono mitupu, naye mtu ambaye pengine alimjua jana tu kwa simu ndiye aliye juu ya kiti.

Jambo hili limekuwa kubwa nchini Kenya tangu pikipiki zilipoenea. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na baada ya hapo Boxer na TVS zikafika hata vijiji ambavyo motokaa haikuwa ikifika ila siku ya mazishi. Leo kwa nyumba nyingi pikipiki ndiyo mali kubwa ya pili baada ya shamba, na mara nyingi huuzwa kwa sababu ya shida: karo ya mwezi wa Januari, deni la hospitali, au mkopo uliokwisha kuiva. Mwenye shida ana haraka, na haraka hiyo ndiyo waitafutayo wezi.

HILA ZIJULIKANAZO

Hila ya kwanza ni nyepesi. Mtu huja amevaa vizuri, asema maneno matamu, apanda, aenda njia panda, naye haonekani tena. Hiyo haihitaji maelezo.

Ya pili ina ufundi zaidi. Mnunuzi huja na mwenzake, wamepakiana kwenye pikipiki nyingine. Aombapo kujaribu, husema, "Huyu ndugu yangu atabaki hapa pamoja nawe." Mwenye mali hutulia moyo akiona ameachiwa mtu. Nusu saa ikipita, huyo aliyebaki naye huanza kutazama saa yake, na aulizwapo habari za ndugu yake hushangaa sana: yeye ni mwendeshaji wa bodaboda tu, aliyekodishwa stendi asubuhi ile ile, na hata nauli yake hajalipwa. Hapo huwa wako wawili walioibiwa, nao hubaki wakitazamana.

Ya tatu hutumia kitambulisho. Mnunuzi hutoa kadi na kuiweka mkononi mwa mwenye pikipiki kana kwamba ni rehani. Yafaa mtu ajiulize kadi hiyo inauzwa shilingi ngapi. Huenda iliokotwa, huenda ni ya mtu mwingine afananaye naye kidogo, na hata ikiwa yake kweli, aliyepata pikipiki ya shilingi 90,000 hatalilia kadi. Kutazama kitambulisho, kuandika nambari yake na kulinganisha picha na uso ni jambo jema la kufanya. Kukiita rehani ni kujidanganya. Ndivyo ilivyo hata kwa pikipiki kuukuu inayoachwa "kama dhamana", maana huenda hiyo nayo iliibiwa juzi, na polisi wakija wataikuta kwa huyu aliyebaki nayo.

FEDHA ZIBAKI

Njia iliyo imara ni moja: kabla pikipiki haijaondoka, bei yote iliyopatanwa iwe imewekwa mahali. Si shilingi 5,000 za kuonyesha nia, bali bei yote. Pikipiki ikirudi salama na mnunuzi asiipende, arudishiwe fedha zake zote papo hapo bila kukatwa senti. Isiporudi, basi imeuzwa.

Lakini mnunuzi naye ana hofu yake, nayo ni ya haki. Atajuaje kwamba akigeuza kona hatarudi akute mwuzaji ametoweka na fedha? Kwa hiyo ni bora fedha zishikwe na mtu wa tatu ambaye wote wawili wamemkubali, kama vile mwenye duka anayejulikana, fundi wa pikipiki mwenye karakana yake, au mzee wa kijiji. Mwuzaji abaki naye pale pale, wote wakionekana. Fedha zikiwa ni noti, zihesabiwe mbele ya watatu na kukaguliwa moja moja. Zikitumwa kwa M-Pesa, anayepokea asitosheke na ujumbe ulioonekana kwenye simu, maana ujumbe wa uongo hutungwa kwa urahisi na huja na maneno yote yaliyo sawa. Aangalie salio lake mwenyewe, ndipo aseme amepokea.

Baada ya hapo iandikwe karatasi fupi. Haihitaji wakili. Itaje tarehe na saa, majina ya wote wawili na nambari za vitambulisho vyao, nambari za simu, nambari ya pikipiki pamoja na ile ya chesisi, kiasi cha fedha kilichowekwa, saa ambayo pikipiki itarudi, na ni nani atakayelipa kikivunjika kitu. Watie sahihi wote, na shahidi mmoja wa kila upande. Sharti hili la mwisho, la kuvunjika, watu wengi hulisahau. Pikipiki ikianguka kwa mwendo mdogo, mkono wa klachi hupinda, kioo na indiketa huvunjika, na tangi hupata kishimo. Wasipopatana kabla, mmoja atasema breki zilikuwa mbovu, mwingine atasema dereva ndiye mbovu, na urafiki wa nusu saa utakwishia kwa chifu.

HAYA YA KUOMBA

Ugumu ulio mkubwa hauko katika karatasi. Uko katika haya. Mtu aliyelelewa vema huona vigumu kumwambia mgeni, ambaye pengine amekwisha kukaribishwa chai, kwamba aache fedha zake zote ndipo aguse usukani. Huona kama anamwita mwizi. Na wezi wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana neno lao la kwanza huwa lile lile.

"Mwalimu, kwani huniamini?"

"Nakuamini, kijana wangu. Lakini pikipiki hii nilikwambia masharti yake tangu jana kwenye simu."

Jibu la mwalimu huyo lafaa kuigwa, kwa kuwa linaonyesha mahali pa kuitoa haya: kwenye simu, kabla mgeni hajapanda matatu. Mwuzaji aseme mapema kwamba kujaribu ni ruhusa, kwamba bei itawekwa kwanza kwa mtu fulani, kwamba leseni itatazamwa, na kwamba watakutana mahali fulani saa za mchana. Asemapo hivyo kwa kila aulizaye, hakuna awezaye kusema ametukanwa. Mnunuzi wa kweli hujibu, "Sawa, mwalimu, nitakuja Jumamosi na ndugu yangu." Mwingine husema atapiga tena baadaye, wala hapigi. Huyo amemwokolea mwuzaji siku nzima.

Mahali pa kukutania pawe pa wazi: kituo cha petroli chenye watu, uwanja wa soko, au karibu na kituo cha polisi. Nyumbani hapafai, kwani mgeni atajifunza njia ya kuingilia, mlango wa banda, na kama kuna mbwa.

LESENI NA BIMA

Wizi si hatari ya pekee, wala pengine si kubwa kupita nyingine. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yakataza mtu asiye na leseni ya aina ya chombo kile asikiendeshe barabarani, na tena yamkataza mwenye chombo kumruhusu mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo kijana asiye na leseni akikamatwa katika kujaribu, mwenye pikipiki hatakuwa mtazamaji. Wote wawili wamevunja sheria. Leseni itazamwe kwa macho, na itazamwe kama ina daraja la pikipiki. Yuko mtu mwenye leseni ya lori ya miaka mingi ambaye hajapata kupanda pikipiki, naye ni hatari juu yake sawa na mtoto.

Bima nayo ni hivyo hivyo. Sheria yake, Sura ya 405, yataka kila chombo kiwacho barabarani kiwe na bima ya watu wa tatu, na yule amruhusuye mwingine kukitumia bila bima hiyo ana hatia pia. Wako watu ambao, wakishaamua kuuza, huacha bima imalizike ili wasitie fedha zaidi katika mali inayoondoka. Ni hesabu mbaya. Mnunuzi akimgonga mama avukaye barabara na kikapu chake, watakaotafutwa kwanza ni wale ambao jina lao limo katika logibuku. Ikiwa bima imekwisha, pikipiki ijaribiwe katika kiwanja cha mtu binafsi kwa ruhusa yake, au isijaribiwe mpaka cheti kipya kipatikane. Na mwenye bima kubwa aulize kampuni yake mapema, kwa maana ziko hati za bima zisizolipa mali iliyokabidhiwa mtu kwa hiari kisha akatoroka nayo.

Kofia ngumu na koti lenye kumulika usiku ni lazima kwa sheria, hata kama safari ni ya dakika tano. Mwuzaji awe navyo tayari; mnunuzi asije akasema, "Ni hapo tu."

NJIA YA KUJARIBIA

Mwuzaji ndiye achague njia, naye aipite mwenyewe kabla. Njia njema ni fupi, ya mzunguko, yenye kilima kimoja cha kupimia nguvu, tambarare kidogo ya kupimia breki, na kipande cha murramu kwa mtu atakayeitumia shambani. Barabara kuu yenye malori na matatu haifai kwa mtu anayejifunza tabia ya chombo kigeni. Dakika kumi zatosha. Mvua ikinyesha, wangoje. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa humwangusha hata mwenyeji.

Kabla ya kuondoka, mwuzaji aeleze waziwazi kila kasoro aijuayo: klachi yashika mwishoni, breki ya nyuma yataka kukanyagwa kwa nguvu, gia ya pili yasita. Kufanya hivyo hupunguza bei kidogo, lakini kuficha kwaweza kumvunja mtu mguu. Injini iachwe baridi, isiwashwe asubuhi kwa siri, kwa sababu mnunuzi mwenye fundi wake atagusa injini kwa mkono, na akiikuta ya moto atajiuliza ni kitu gani kimefichwa. Moshi wa buluu utokao ekzosi waonyesha injini inakula oili, na hakuna maneno yatakayougeuza rangi.

Wako wanaofunga bomba la petroli kwa siri, wakijua mafuta yaliyobaki katika kabureta yatakipeleka chombo mwendo mfupi tu kisha kitazima. Mbinu hiyo yapendwa sana kusimuliwa, lakini si nzuri. Mwizi ajuaye kazi yake hulifungua bomba kwa vidole viwili bila kushuka, na mnunuzi mwaminifu ndiye azimikiwaye katikati ya barabara, lori likiwa nyuma yake.

Ikiwa mnunuzi hajui kuendesha, au hana leseni, au hakuja na fedha, si lazima arudi mikono mitupu. Pikipiki na isimamishwe juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na gia zote ziingizwe moja moja mbele yake. Gurudumu la mbele lishikwe na kutikiswa ili shingo ya usukani ijulikane kama imelegea. Kisha mwenyewe aendeshe, mnunuzi akikaa nyuma na kofia yake, asikilize gia na breki. Sheria yaruhusu abiria mmoja. Au amlete fundi wake mwenye leseni, naye ajaribu kwa masharti yale yale ya fedha na karatasi.

Mnunuzi akirudi na kuridhika, kazi haijakwisha. Uhamisho wa jina hufanywa leo kwa mtandao wa eCitizen, chini ya mamlaka iitwayo NTSA: mwuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali. Yafaa waufanye siku ile ile wakiwa wamekaa pamoja, kwa kuwa sheria haitaki pikipiki iliyouzwa itumike barabarani kupita siku 14 kabla mwenye mpya hajaandikishwa. Ile karatasi ya asubuhi isitupwe. Nyuma yake iandikwe saa ambayo funguo zote mbili zilikabidhiwa, wote watie sahihi tena, na mwuzaji abaki nayo. Kwa kuwa pikipiki iliyoondoka Kitale saa sita yaweza kufika Eldoret kabla ya jioni, nalo jina lililo katika logibuku likawa bado ni lake.