Mtoto Aanze Shule Lini?

Mwaka jana mwezi wa Novemba alikuja zahanati babu mmoja na mjukuu wake wa kike. Mtoto hakuwa mgonjwa. Babu alitaka nimwandikie barua ya kumwonyesha mwalimu, kwamba mtoto bado ni mdogo, asiandikishwe darasa la kwanza. Nilimtazama mtoto. Alikuwa mfupi na mwembamba. Nikadhani ana miaka 5. "Kweli babu," nikamwambia, "huyu angojee." Nikashika kalamu.

Bahati nzuri mama wa mtoto alifika nyuma yao na kadi ya kliniki. Nilipoisoma niliona aibu. Mtoto alikuwa na miaka 7 na miezi 2. Mimi niliyesomea kazi hii nilikuwa nimepima umri kwa macho!

Wiki ile ile alikuja baba mwingine na mwanawe wa kiume. Mtoto huyo aliingia darasa la kwanza mwezi wa Januari akiwa na miaka 4 na nusu. Alikuwa mrefu, na baba alisema ana miaka 6. Sasa kila asubuhi tumbo linamuuma. Nilimpima. Hana homa. Choo chake hakina minyoo. Nikamwuliza baba, "Jumamosi na Jumapili linamuuma?" Baba akafikiri kidogo. "Hapana," akasema. "Siku hizo anacheza tu."

Watoto hawa wawili wamenifanya niandike habari hii. Mmoja aliharakishwa kwa sababu ni mrefu. Mwingine alitaka kucheleweshwa kwa sababu ni mfupi. Wote wawili walipimwa kwa kimo.

Wazee wetu wanaikumbuka sana habari ya umri wa shule. Mwaka 1974 TANU iliamua huko Musoma kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote waliofikia umri wa shule wapate nafasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikataka mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe. Siku hizi umri umeshuka. Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, inasema mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Kabla ya hapo asome darasa la awali mwaka mmoja.

Lakini zamani watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala kadi. Mwalimu angejuaje umri? Alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ajaribu kugusa sikio la kushoto. Akigusa, anaandikishwa. Asipogusa, arudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Wengi mnaosoma gazeti hili mlipimwa hivyo. Wengine labda mlirudishwa, ndiyo maana mmejifunzia kusoma ukubwani.

Kipimo hiki si cha upuuzi. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili wote. Mtu mzima kichwa chake ni kama sehemu moja ya nane. Mtoto akikua, mikono na miguu hurefuka upesi kuliko kichwa. Watoto wengi hufikia sikio karibu na miaka 6 au 7. Hapo pia ndipo meno ya utoto ya mbele huanza kung'oka.

Ila kipimo hiki kinapima mkono, hakipimi miaka. Mtoto mrefu wa miaka 5 anaweza kugusa sikio. Mtoto aliyedumaa anaweza kushindwa hata akiwa na miaka 8. Na waliodumaa ni wengi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Udumavu huanza mapema sana, tangu mimba mpaka mtoto afikapo miaka 2, kwa sababu ya chakula duni na magonjwa ya mara kwa mara. Kumfungia mtoto wa namna hii nyumbani mwaka mzima hakumrefushi. Kunampunguzia tu kitu kingine anachokihitaji, yaani kufundishwa, kusemeshwa na kucheza na wenzake. Utafiti uliofanywa Ghana na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha jambo hilo hilo: watoto waliokosa chakula bora utotoni ndio walioanza shule kwa kuchelewa.

Kuchelewa kuna hasara. Msichana anayeanza akiwa na miaka 9 huvunja ungo akiwa bado shule ya msingi. Anaanza kuona haya kukaa na watoto wadogo, na nyumbani watu wanaanza kuzungumza habari za posa. Mvulana naye anaona ana nguvu za kulima au kuvua samaki, anaacha shule.

Sasa tumtazame aliyeharakishwa. Wazazi wengi hufikiri kwamba mtoto akianza mapema atawatangulia wenzake. Tuangalie mwili wake kwanza. Katika kifundo cha mkono mtu mzima ana mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, mifupa hiyo bado ni laini kama ncha ya sikio. Inakuwa migumu mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huanza kuwa mgumu karibu na miaka 8 mpaka 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 akishika penseli kwa ngumi na kuandika herufi za kupinda si mvivu. Mkono wake bado. Tena mtoto wa umri huo anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku. Ukimwamsha saa 11 alfajiri ili atembee mpaka shuleni, bila uji, atasinzia darasani hata kama mwalimu ni hodari.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalioni. Chukua watoto wawili wa darasa moja. Mmoja ametimiza miaka 6 juzi. Mwingine ana miaka 6 na miezi 11. Tofauti ya miezi 11 kwetu sisi watu wazima si kitu. Kwa mtoto wa miaka 6 ni karibu sehemu ya sita ya maisha yake yote! Yule mkubwa anakaa kimya na kusikiliza. Mdogo anageuka-geuka. Mwalimu anasema huyu ni mzito, huyu mtundu. Mtoto akiambiwa hivyo kila siku anaamini. Huko Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa wadogo kuliko wenzao darasani waliambiwa mara nyingi zaidi kuwa wana ugonjwa wa kutotulia, wakapewa na dawa. Basi fikiri juu ya mtoto wa miaka 4 na nusu aliyewekwa na wa miaka 6 na 7. Kusema kweli, nadhani tumbo la yule mtoto lilikuwa linasema lile ambalo mdomo wake haukuweza.

Je, kabla ya miaka 6 akae bure? La. Kama kuna darasa la awali karibu, apelekwe. Huko aimbe, acheze, asimuliwe hadithi. Kama darasa la awali linafundisha kwa fimbo na kunakili ubao asubuhi mpaka mchana, zungumzeni na mwalimu kwenye kikao cha wazazi. Nyumbani nako kuna kazi nyingi za kujifunza. Achambue maharagwe, apukuchue mahindi, afinyange ng'ombe wa udongo. Vidole vyake vinapata nguvu. Ahesabu mayai ya kuku. Tegeaneni vitendawili jioni. Mtume akalete vitu viwili kwa pamoja, chumvi na kijiko, uone kama anakumbuka vyote. Ukiona haitiki unapomwita kutoka nyuma, au anasogeza kitu karibu mno na macho, mlete zahanati kabla ya kumwandikisha. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mjinga bila kosa.

Yule mvulana alirudishwa darasa la awali kwa makubaliano ya baba na mwalimu. Mama yake aliniambia mwezi uliofuata kwamba tumbo limepona, nami sikumpa hata kidonge kimoja. Yule msichana wa babu aliandikishwa. Babu hakufurahi siku ile, maana nani atamchungia mbuzi? Sasa mbuzi wanachungwa kwa zamu.

Uandikishaji hufanywa miezi ya mwisho ya mwaka. Itafuteni kadi ya kliniki mapema. Kama imeliwa na panya au imelowa mvua, njoo zahanati alikozaliwa au alikochanjwa mtoto, tutatazama katika daftari. Njoo na mtoto mwenyewe, tumpime uzito na tumtazame macho na masikio.