Kupima moyo wa mwanamichezo ni kulinda mtaji

MFANYABIASHARA wa mazao hapakii magunia ya mahindi kwenye lori la safari ndefu kabla fundi hajakagua injini, breki na matairi. Gharama ya ukaguzi ni ndogo, naye anajua kuwa lori likiharibika njiani atapoteza mzigo, muda na wateja.

Hata hivyo, zipo familia zinazouza ng'ombe au mazao ili kumgharamia kijana viatu, mazoezi na nauli ya kwenda mashindanoni, bila kuuliza hata mara moja kama moyo wake umewahi kupimwa.

Suala hili si la madaktari peke yao. Katika maeneo ya Iten na Eldoret nchini Kenya, riadha ni sekta kamili ya uchumi. Fedha za zawadi kutoka mbio za nje zimenunua mashamba na ng'ombe wa maziwa, na zimejenga nyumba za kupangisha. Nyuma ya mkimbiaji mmoja kuna wazazi, wadogo zake walio shuleni na vibarua wa shambani. Moyo wake ukisimama, wote hao huyumba.

Kanu alipimwa, akarudi uwanjani

Mfano unaojulikana zaidi barani Afrika ni wa Nwankwo Kanu. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 20, aliiongoza Nigeria kutwaa medali ya dhahabu ya soka katika Olimpiki ya Atlanta. Muda mfupi baadaye alijiunga na Inter Milan ya Italia, na vipimo vya afya vya klabu hiyo vikaonyesha kuwa moja ya vali za moyo wake ilikuwa na kasoro.

Novemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji nchini Marekani. Wengi waliamini soka yake imekwisha, lakini mwaka 1997 alirejea uwanjani. Baadaye alicheza Arsenal, na mwaka 2008 alifunga bao pekee lililoipa Portsmouth Kombe la FA. Mwaka 2000 alianzisha taasisi ya kusaidia watoto wa Afrika wanaohitaji upasuaji wa moyo.

Marc-Vivien Foé wa Kameruni hakuwa na bahati hiyo. Tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, na akafariki dunia. Uchunguzi wa mwili wake ulibaini kuwa misuli ya moyo ilikuwa imenenepa isivyo kawaida. Ugonjwa huo mara nyingi hurithiwa, na unaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote.

Moyo mkubwa si lazima uwe mgonjwa

Mazoezi makali ya miaka mingi huubadili moyo. Vyumba vyake hupanuka, kuta huongezeka unene kidogo, na mapigo hupungua hadi 50 au hata 40 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, wakati kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kati ya 60 na 100. Kwa kawaida hiyo si dalili ya ugonjwa, ni moyo uliozoea kazi.

Tatizo ni kwamba mabadiliko hayo, yakionekana kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo kinachojulikana hospitalini kama ECG, yanaweza kufanana na ugonjwa.

Kwa wanamichezo wenye asili ya Afrika ugumu huo ni mkubwa zaidi. Tafiti zimeonyesha kuwa kuta za mioyo yao huweza kunenepa zaidi kutokana na mazoezi, na kwamba michoro yao ya ECG mara nyingi hutofautiana na ya Wazungu ingawa ni wazima. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa ya kusoma ECG za wanamichezo iliyotolewa mwaka 2017 ina maelezo yanayowahusu wao hasa.

Kosa la kusoma kipimo lina hasara pande zote mbili. Moyo mzima ukiitwa mgonjwa, kijana hupoteza mkataba na familia hupoteza kipato. Moyo mgonjwa ukiitwa mzima, huenda familia ikaishia msibani. Kutokana na hali hiyo, nchi zilizoendelea zina madaktari bingwa wanaoshughulikia mioyo ya wanamichezo pekee.

Italia na Israel zapata majibu tofauti

Italia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1982, sheria inamtaka kila anayeshiriki michezo ya mashindano kupimwa afya kwanza, ikiwemo ECG. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu mkoa wa Veneto ulionyesha kuwa vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4, sawa na punguzo la asilimia 89.

Lakini si nchi zote zilizopata faida hiyo. Israel iliweka sheria inayofanana na hiyo mwaka 1997, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 haukuona tofauti yoyote ya maana katika idadi ya vifo. Marekani hailazimishi ECG kwa kila mwanamichezo. Sehemu ya sababu ni gharama, pamoja na wingi wa watu wazima ambao wangesumbuliwa bure.

Aidha, kipimo hakigundui kila kitu. Christian Eriksen wa Denmark alipimwa mara kwa mara alipokuwa Tottenham, na Profesa Sanjay Sharma, bingwa aliyekuwa akimpima, alieleza kuwa majibu yalikuwa ya kawaida. Hata hivyo, tarehe 12 Juni 2021 moyo wake ulisimama katika mechi dhidi ya Finland mjini Copenhagen.

Dakika za kwanza zinaokoa

Eriksen aliokolewa na waliomkandamiza kifua papo hapo na mashine ya kuushtua moyo kwa umeme iliyokuwapo uwanjani. Alipandikizwa kifaa kinachourekebisha moyo ukienda kombo. Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza akiwa nacho, hivyo mkataba wake na Inter ukavunjwa Desemba 2021. Januari 2022 alisajiliwa na Brentford ya Uingereza, akaendelea na kazi.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Waliokuwa naye hawakuacha kumhudumia, na daktari bingwa wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alishuka uwanjani kusaidia. Alipona, ingawa alistaafu soka mwezi Agosti mwaka huo.

Wataalamu wanasema kila dakika inayopita bila mashine hiyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, husaidia kuendelea kupeleka damu kwenye ubongo. Kazi hiyo haihitaji shahada, mtu hufundishwa kwa saa chache.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Katika Afrika Mashariki kuna hatari nyingine ambayo Ulaya imeipunguza sana. Mtoto anaugua koo, hatibiwi, kisha anapata homa inayovimbisha viungo na kuharibu vali za moyo. Akifika miaka 15 anapenda mpira lakini anaishiwa pumzi kabla ya wenzake, na watu humwita mvivu.

Koo linalosababishwa na bakteria hutibika kwa penisilini, dawa ya bei nafuu. Kubadilisha vali ni upasuaji wa gharama kubwa, hata kama siku hizi hufanyika karibu, mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ambayo ilianza kujitegemea mwaka 2015, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala.

Wenye jembe na mkokoteni nao wamo

Moyo wa anayelima kutwa, anayebeba magunia sokoni au anayesukuma mkokoteni nao unafanya kazi ya mwanamichezo. Kwa waliovuka miaka 35, kisababishi kikuu cha vifo vya ghafla wakati wa kazi nzito au mazoezi ni kuziba kwa mishipa inayolisha moyo damu. Presha, kisukari na sigara huongeza hatari hiyo. Kupima presha huchukua dakika chache, na kituo cha afya cha jirani kinaweza kufanya hivyo.

Kwa mzazi au mfadhili mwenye fedha kidogo, hatua ya kwanza haina gharama. Amuulize kijana kama amewahi kuzimia akiwa anakimbia, kama hubanwa kifua au huishiwa pumzi kuliko wenzake, na kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Jibu likiwa ndiyo, asimamishe mazoezi hadi apate ECG na, daktari akiona inafaa, kipimo cha picha ya moyo kiitwacho ECHO. Majibu yasomwe na daktari wa moyo aliyeelezwa kuwa mgonjwa wake ni mwanamichezo.

Naye mfanyabiashara anayedhamini mashindano ya kugombea mbuzi au ng'ombe anaweza kutenga sehemu ya bajeti yake kuwafundisha makocha na waamuzi kukandamiza kifua, na kuhakikisha kuna gari la kumwahisha mgonjwa hospitali. Mpango huo uwe tayari kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa.